Hesabu ya Osla

Shali nzuri ya kisiwa chetu cha Unst hupimwa hivi:
unavua pete ya ndoa,
unaingiza ncha, unavuta,
na shali nzima, pana kuliko kitanda,
inateleza kama maji kooni.
Osla alifuma nane za namna hiyo.
Zote zilipita.
Aliyekwama kwenye pete ni yeye.

Mimi wifi yake, Girzie, sikuolewa.
Naandika kwa kuwa wote tulisema amechoka tu.
Alichoka, ndiyo. Kaka yangu Lowrie
alikuwa kusini, kwenye barafu, akiwinda nyangumi,
miezi kumi na minane, barua tatu na jino moja.
Nyumbani palikuwa na ng'ombe, na mboji ya kuchimba,
kukausha, kubeba, kuwasha,
watoto wanne, mama yetu asiyeinuka kitandani,
na sufu.
Sufu haikuhesabiwa kazi.
Sufu ilikuwa ya kupumzishia mikono.
Alifuma akitembea, kapu la mboji mgongoni,
alifuma maziwa yakitokota,
alifuma akinyonyesha, uzi ukipita juu ya utosi wa mtoto
kama mpaka wa shamba.

Shali ni matundu.
Uzi kidogo, mwembamba kama unywele,
na matundu yaliyopangwa: mbili pamoja, ruka,
moja, ruka, mbili pamoja.
Ukiisifu unasifu palipo wazi.
Nani basi atamtazama mfumaji
aseme, na hapa je, pameachia?

Januari ile, jua likichungulia saa nne
na kuaga saa tisa,
alianza kuhesabu visivyo vya uzi.
Mayai. Hatua za zizini. Pumzi za Ertie, kitinda mimba.
Akipotea anarudi mlangoni, anaanza upya,
pekupeku, juu ya theluji.
Nilimfumania saa nane za usiku.
Sikumfumania na mtu.
Nilimfumania na mia mbili na kumi na sita.

Nikasema nini?
Nikasema: Osla, ingia ndani, utapata mafua.
Mafua!

Bwana Pottinger akaitandaza ile ya tisa mezani pake,
akaipitia kwa kidole, polepole, akasimama.
"Kitanzi kimoja kimeponyoka."
Akakata nusu ya bei.
Kitanzi, kwa wafumaji, ni kitu kidogo cha kila siku.
Ni neno ninalolitamka taratibu tangu Januari ile.
Wahenga walituonya kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema itakuwaje nguo yenyewe ikila.

Sikumponya, msije mkadhani.
Daktari alikuja Alhamisi, akaandika "mishipa ya fahamu",
akaacha chupa, akala mkate wetu.
Mimi nilihamishia godoro langu jikoni kwake.
Nikakamua. Nikamgeuza mama, nikamwaga ndoo yake.
Nikafungia zile sindano nyembamba kabatini,
ufunguo nikautia soksini,
na Osla akanilaani mpaka kwa baba yangu kaburini.
Nikaona afadhali: amenilaani mimi,
si yeye mwenyewe.

Machi akaziomba.
Nikampa nyingine, nene, za mbao,
na sufu ya kahawia isiyo na mnunuzi,
inayonuka kondoo aliyenyeshewa.
Akafuma bila kuhesabu. Safu nyingine zikapanuka,
nyingine zikabana kama midomo,
kitu kisicho na umbo,
kisicho na tundu hata moja.

Nikamwuliza, hiki cha nani?
Akafikiri. Chai ikapoa, ikafanya utando.
"Kina joto," akasema.

Kisha, kwa ile sauti yake ya zamani,
sauti ya kuamrisha watoto na ng'ombe:
"Shika uzi, Girzie. Paka anauvuta."